Mche wa Sabuni Kabla ya Chaki

Mazungumzo na walimu wa Hisabati wa darasa la tatu na la nne, Muheza, Tanga

Ndugu Mwenyekiti wa semina, ndugu Afisa Elimu Kata, walimu wakuu mliopo, walimu wenzangu, habari za asubuhi. Wakubwa wangu shikamooni, ingawa nikiutazama ukumbi huu naona wa kuwaamkia ni wachache. Wengi wenu ndio mnaonidai marahaba.

Nimeambiwa nizungumzie namna ya kuwaanzisha watoto kwenye maumbo: yale bapa, kama pembetatu na mraba, na yale yenye ujazo, kama tufe na mchemraba. Nimekuja na kikapu. Mna mche mmoja wa sabuni ya kufulia, uzi wa fundi viatu, machungwa kumi, kopo tupu la nyanya, boksi la dawa ya meno, na rimu ya karatasi ambayo mwalimu mkuu wa hapa amenikopesha kwa sharti kwamba nisiifungue. Chaki sikuleta, na nitawaeleza kwa nini.

Nilipokuwa na mwaka wa pili kazini niliwapa watoto jaribio. Nilichora mchemraba ubaoni, mchoro mzuri tu, kwa rula, nikauliza: umbo hili lina nyuso ngapi, kingo ngapi na vipeo vingapi? Kingo ni pale nyuso mbili zinapokutana, vipeo ni zile ncha za pembe. Binti mmoja aliandika 3, 9, 7. Nikampiga mikasi mitatu ya wino mwekundu. Akaja mezani na daftari lake, akasema kwa sauti ya chini, “Mwalimu, nimehesabu mara tatu.” Nikamwambia akasome alichonakili wiki iliyopita: 6, 12, 8.

Jioni nikaendelea kusahihisha, nikakuta wengine kumi na mmoja wameandika 3, 9, 7. Hapo mtu unajua kwamba ama wamenakiliana, ama kuna jambo. Nikarudi darasani. Mchoro ulikuwa bado ubaoni. Nikahesabu kwa kidole. Nyuso zinazoonekana, tatu. Kingo, tisa. Vipeo, saba. Halafu nikaona baya zaidi: katika zile nyuso tatu, mraba ulikuwa mmoja tu, ule wa mbele. Ule wa juu na ule wa ubavuni nilikuwa nimeichora misambamba, zile pembenne zilizoinama upande, kwa sababu ndivyo tunavyochora ili umbo lionekane limeingia ndani. Kwa hiyo nilichora umbo lenye mraba mmoja na misambamba miwili, nikawaambia watoto hilo ni umbo la miraba sita, na aliyehesabu alichokiona nikamkosesha.

Natamani niwaambie kwamba kesho yake nilimwomba radhi yule binti. Sikumwomba. Nilikuwa kijana, niliona haya, nikafuta ubao nikaanza mada ya sehemu.

(Kicheko.)

Mnacheka kwa sababu mnaijua hiyo mada ya sehemu, ndiyo maficho yetu.

Basi hoja yangu leo ni moja. Tunaanza na umbo bapa ubaoni, pembetatu, mraba, mstatili, duara, kisha wiki za mwisho, muda ukibaki, tunagusa yale yenye ujazo, nayo tunayachora. Ninawaomba tugeuze. Tuanze na kitu kinachoshikika, na umbo bapa tulitoe ndani ya kitu hicho mbele ya macho ya mtoto.

Wako watakaosema mbona wataalamu wa kale walianza na kilicho kidogo wakapanda? Ni kweli. Yule Euclid, aliyefundisha Alexandria kule Misri yapata miaka 300 kabla ya Kristo, aliandika vitabu 13. Alianza na nukta, kitu kisicho na sehemu, akaja mstari, akaja pembetatu, na maumbo yenye ujazo hakuyafikia mpaka kitabu cha 11. Lakini Euclid hakuwa akifundisha watoto wa miaka tisa. Alikuwa akipanga ushahidi, na ushahidi hupangwa kuanzia chini. Aliyekaa na watoto wadogo alikwenda kinyume chake. Friedrich Fröbel, Mjerumani, alipofungua kituo chake cha watoto mwaka 1837 aliwapa kwanza mpira wa sufu, kisha tufe, mcheduara, lile umbo la kopo, na mchemraba, vyote vya mbao. Vibao bapa vilikuja baadaye, baada ya hapo vijiti vya kuonyesha mistari, na punje za kuonyesha nukta zikaja mwisho kabisa.

Na sisi tunaofundisha kwa Kiswahili tuna bahati ambayo sijui kama tunaiona. Hebu niulize. Mche ni nini?

(Sauti kutoka ukumbini: “Mti mchanga!”)

Ahsante, mti mchanga. Ndivyo mtoto anavyojua, na ndiyo maana mwaka mmoja nilipowaambia wachore mchemraba bila kuwaonyesha chochote, kijana mmoja alinichorea mche wa mchungwa wenye majani ya miraba. Sikumkosesha, nilikuwa nimeshakua. Sasa mtoto akitumwa dukani kwa mangi anaambiwa akanunue nini? Mche wa sabuni. Huo hapa. Huo ndio mche tunaousema kwenye Hisabati, na mtoto ameubeba kwapani tangu ana miaka mitano.

Mwalimu wa kaunda suti ya kijivu hapo mbele, njoo unishikie. Shika ncha hizi mbili za uzi, uzungushe hapa, vuta. Sabuni mbichi kidogo inakatika vizuri, iliyokauka inavunjika vipande, kwa hiyo usinunue ile iliyokaa rafu mwaka mzima. Vuta. Haya. Tazameni uso uliokatwa: una umbo gani? Mraba. Tukate tena mbele kidogo. Mraba. Tena. Mraba uleule, haukui wala haupungui. Mche ni umbo ambalo ukilikata kwa kulikingama, mahali popote, sura ya ndani ni ileile. Maana hiyo hamkuisoma popote, mmeiona ikikatika.

Sasa majina yanaanza kusema yenyewe. Mche ambao ukikatwa unatoa duara, tuuiteje? Mcheduara. Mtoto atautaja kabla hujamtajia, nimeona mara nyingi. Mche ambao ukikatwa unatoa pembetatu? Mche pembetatu. Na mche huu wangu, nikipima upana wa ule mraba, nikakata urefu ulio sawa na upana huohuo, nimepata nini? Mchemraba, uko mkononi, una miraba sita. Mpe mtoto auzungushe, ahesabu kwa dole gumba. Sita, kumi na mbili, nane. Hakuna atakayesema tisa.

Majina mengine nayo yana kwao. Tufe mtoto amelisikia kwenye michezo ya shule, kutupa tufe, lile la chuma. Na lile umbo lenye duara moja na ncha tunaliita pia, kwa jina la ile pia ya kuchezea, inayozungushwa kwa kamba ikasimama kwa ncha. Nikiwaambia watoto wa darasa la tatu “umbo la pia” hakuna anayeuliza, labda wale wa siku hizi wenye simu, na hao nawachongea moja. Mtoto huyu akifika sekondari atakutana na majina mengine ya Kiingereza, na ayajifunze, hakuna ubaya. Lakini yatamkuta ameshajua kitu chenyewe.

Ngoja nirudi kwenye sabuni, bado ina kazi. Nachukua mchemraba huu, nakata pembe moja tu, kidogo, hivi. Kile kidonda kina umbo gani? Pembetatu. Hapo ndipo ninapopenda pembetatu iingie darasani, ikiwa jeraha la kitu. Mtoto hataisahau. Na sasa muulize ahesabu upya. Kipeo kimoja kimeondoka, vitatu vimezaliwa: vipeo 10. Uso mmoja umeongezeka: nyuso 7. Kingo tatu mpya: 15. Kisha wafanyie mchezo huu: jumlisha vipeo na nyuso, toa kingo. Kumi na saba toa kumi na tano, mbili. Kabla ya kukata pembe ilikuwa nane na sita toa kumi na mbili, mbili. Kata pembe nyingine. Mbili. Piramidi yenye kitako cha mraba ina vipeo 5, nyuso 5, kingo 8. Mbili. Mche pembetatu una vipeo 6, nyuso 5, kingo 9. Mbili tena. Jambo hili Mswisi mmoja, Leonhard Euler, alimwandikia rafiki yake kwenye barua mwaka 1750. Mtoto wa darasa la nne hahitaji jina la Euler. Anahitaji ile hali ya kukata kila pembe akitafuta namna ya kuishinda mbili, na mbili inakataa kushindwa. Nimewahi kuwakosesha watoto mapumziko kwa ajili ya hiyo mbili. Walikuwa bado wanakata.

Tukija Muheza na kuzungumza maumbo bila chungwa tutakuwa hatuna adabu. Chungwa ni tufe, au karibu na tufe. Likate kati: duara. Likate pembeni: duara, dogo zaidi. Likate kwa upande, kichwani, vyovyote upendavyo: duara. Sasa chukua karoti au muhogo. Ukikata kwa kukingama unapata duara, ukikata kwa mshazari unapata umbo refu lililobinuka, duaradufu. Hapo mtoto mwenyewe atakwambia tofauti ya tufe na mcheduara, nawe huna haja ya kuandika maelezo ya kunakili.

Na mama wa pale sokoni anayepanga machungwa kwa mafungu, matatu chini na moja juu, au sita, matatu, moja, amejenga piramidi yenye kitako cha pembetatu. Hili nalileta kama kituo cha pembeni tu, lakini ni tamu. Mwaka 1611 Johannes Kepler, yule mtaalamu wa nyota, alisema kwamba hakuna namna ya kupanga matufe yanayolingana yakabanana zaidi ya ile ya wauza matunda. Kulithibitisha kukawashinda watu kwa karne karibu nne, mpaka Thomas Hales wa Marekani alipotoa ushahidi wake mwaka 1998, akisaidiwa na kompyuta. Hata hivyo katika mpango huo matufe hujaza kama asilimia 74 tu ya nafasi, nyingine ni hewa. Mnunuzi wa tenga akilalamika kwamba amelipia hewa, ana hoja, ila hakuna muuzaji anayeweza kumpangia vizuri zaidi.

Sasa kuna mtego, na nataka niutaje kwa sababu utakukuta. Mnapokata pembetatu za kadibodi mkawagawia watoto mkisema “hili ni umbo bapa”, mtoto mwerevu atakushika. Kadibodi ina unene. Rimu hii ya karatasi, ambayo sitaifungua, mwalimu mkuu, tulia, ni mche mstatili. Hakuna anayebisha. Ina karatasi 500 na unene wake ni kama sentimita 5. Karatasi moja basi ina unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Ikiwa rimu ni mche, nusu rimu ni mche, karatasi kumi ni mche, kwa nini karatasi moja isiwe? Ni mche. Ni mche mwembamba sana. Umbo bapa halishikiki, walimu wenzangu. Unachoweza kukigusa ni uso wa kitu, si kitu. Mwambie mtoto apake rangi upande mmoja wa sabuni augonge kwenye karatasi: ile alama, ule mpaka wake, ndio mraba. Kivuli nacho ni bapa. Kopo likishikwa wima juani saa sita, jua likiwa utosini, linatupa duara, likilazwa linatupa mstatili. Umbo bapa ni alama ambayo kitu kimeiacha. Ukilisema hivi mapema, hutakuja kubishana na mtoto juu ya kadibodi, wala hutamfundisha uongo ambao mwalimu wa sekondari ataufuta.

Kuhusu pembetatu yenyewe nina moja la haraka. Tunaichora daima imekaa kwa kitako, ncha juu, tena pande sawa. Ukiigeuza, mtoto anasema imeanguka, au si pembetatu. Uholanzi walikuwapo mume na mke, Pierre na Dina van Hiele, walimu kama sisi, ambao mwaka 1957 waliandika kwamba mtoto huanza kwa kulijua umbo kwa sura yake nzima, kama anavyoijua sura ya shangazi yake, na baadaye sana ndipo hujua sifa zake. Hatua ya kwanza hairukwi kwa kukaririsha. Lakini sisi tunaweza kuirefusha bila sababu kwa kumwonyesha shangazi mmoja kila siku. Chora ndefu, chora iliyolala, chora nyembamba kama kisu. Hivyohivyo kwa mraba na mstatili: mraba nao ni mstatili, wenye pande zote sawa, na mtoto aliyekata mche wake wa sabuni kwa urefu tofautitofauti ameuona mstatili ukifupika hadi ukawa mraba.

Mchezo unaosaidia kuivuka hatua hiyo ni wa kikapu. Funika vitu kwa kanga, mtoto mmoja atie mkono ndani bila kuangalia, alisimulie umbo, wenzake walitaje. “Lina uso uliojikunja. Lina duara moja. Lina ncha.” Pia! Hapa macho hayana kazi, sifa ndizo zenye kazi. Nilikuwa na mwanafunzi mwenye uoni hafifu aliyekuwa nyuma katika kila kitu kilichokaa ubaoni. Katika mchezo huu hakuna aliyemfikia. Alizoea kuvijua vitu kwa vidole, sisi wengine ndio tulikuwa tunajifunza.

Boksi hili la dawa ya meno nalikunjua mpaka linalala. Tazameni, mistatili minne imeshikana, na miraba midogo miwili kwenye ncha. Mtoto akishaona hivyo, eneo la nyuso zote halimtishi, ni kupima vipande na kujumlisha. Kwa mchemraba, ziko namna 11 za kuukunjua, na kuzitafuta zote ni kazi nzuri ya nyumbani ya wiki nzima. Na kopo la nyanya, ukibandua karatasi yake taratibu, unapata mstatili. Watoto hushangaa sana hapo, kitu cha mviringo kimevaa mstatili. Urefu wa mstatili huo ni mzingo wa kopo. Upime kwa kipenyo: mara tatu na chenga kidogo. Hiyo 22 kwa 7 imekuja yenyewe, haikuteremka kutoka kwenye jedwali.

Najua mtakayosema chai ikifika. Darasa lina watoto tisini. Mche mmoja unatoa vipande vya kutosha makundi kumi, na mabaki yananawia mikono, hakuna kinachopotea, tena ni afadhali kuliko chati ya kununua. La pili, mtihani unakuja na michoro, si sabuni. Kweli kabisa, na ndiyo maana sisemi tusichore. Nasema tuchore baadaye. Mtoto aliyeshika mchemraba wiki nzima mwambie auchore mwenyewe, atateseka, atakuuliza ule upande wa nyuma auweke wapi. Hapo ndipo umfundishe mistari ya nukta-nukta kwa kingo zilizofichika. Ataipokea kama jibu la swali lake. Binti wangu wa 3, 9, 7 hakuwahi kuonyeshwa hiyo mistari. Sikuichora kwa sababu niliona inachafua mchoro.

La tatu, muda. Hapo sina jibu la kuwapendeza. Somo la kukata huchukua vipindi viwili mahali pa kimoja, na siku ya kwanza darasa linanuka sabuni na kelele zinafika ofisini. Mimi nilivilipia vipindi hivyo kwa kupunguza siku za kunakili ufafanuzi, na sikumbuki mtoto aliyenidai.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi kila meza imewekewa mchemraba mmoja wa sabuni na kipande cha uzi. Mkato mmoja, ulionyooka. Pembetatu mmeiona. Mraba ni rahisi, mstatili pia. Pembetano inapatikana ukivumilia. Mimi nataka pembesita. Nawapa msaada huu tu: mchemraba una nyuso sita, na kila uso ambao uzi unaupitia unaacha upande mmoja, kwa hiyo pembesaba msijisumbue kuitafuta. Atakayeipata aniletee hapa mbele kabla hajaenda kunawa.